Fundi wa Mawe na Waliofia Mbali

Mteja akiingia karakana yetu kuagiza jiwe la kaburi, Fundi hakuanza kwa kumuuliza jina la marehemu. Alimpa kiti, akakaa mbele yake, akauliza kwa Kiingereza chake kilichojaa Kifaransa: "Nani anasimamisha?" Wengi hawakuelewa. Walitaja jina la maiti, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, wakatoa picha kwenye simu. Fundi aliisukuma simu pembeni taratibu. "Huyo nitamfikia," alisema. "Kwanza, nani anasimamisha?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majibu. Nilifanya kazi kwake miaka minne, katika karakana iliyokuwa kando ya barabara ya kwenda Soweto, kati ya duka la matairi na baa iliyofungwa. Niliwapokea wateja, nikayaandika maneno yao, nikayapiga kwenye kompyuta, nikawapa wayasome kabla Fundi hajaligusa jiwe. Nilikuwa nimetoka Morogoro miaka mingi nyuma kumfuata mume wangu, dereva wa malori. Nilipoanza kazi kwa Fundi, mume wangu alikuwa hayupo kwa mwaka wa pili.

Jina la Fundi silitaji, na hata wakati ule hatukulitumia. Wakongo wenzake walimwita Fundi. Wateja Wazulu walidhani ndilo jina lake, na wachache walidhani ni mchungaji, kwa sababu neno lao la mchungaji linafanana na hilo. Mama mmoja alimwomba aombee jiwe kabla halijapakiwa garini. Fundi akafumba macho, akaomba kwa Kiswahili cha Bukavu, dakika nzima. Yule mama alipoondoka nilimuuliza ameombea nini. "Nimeomba kamba isikatike," alisema.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyoonekana kama ya mtu mrefu. Chakula cha mchana alikila amesimama, ugali na samaki wa kopo, huku akitazama jiwe alilokuwa akilichonga kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kusema. Karakana aliifagia mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine kushika ufagio, nami sikuwahi kujua kwa nini. Vumbi la mawe lilimkaa kwenye nyusi tangu asubuhi. Barakoa tulikuwa nazo sanduku zima. Wafanyakazi wote walilazimishwa kuzivaa, na aliyevua alirudishwa nyumbani siku hiyo. Yeye mwenyewe hakuvaa. Alisema huwezi kuchonga kitu usichokinusa.

Kabla ya Afrika Kusini aliishi Uswidi. Alifika kule kijana, akaomba hifadhi, akawekwa katika nyumba ya wakimbizi katikati ya mashamba, mahali ambapo basi lilipita mara tatu kwa siku. Pale kituoni palisimama jiwe lenye kimo cha mtu. Lilichongwa nyoka aliyejipinda mpaka kichwa kikakutana na mkia, na ndani ya mwili wa nyoka kulikuwa na mistari iliyopakwa rangi nyekundu. Fundi alikuwa akilitazama kila alipongoja basi. Alidhani ni pambo la manispaa. Bibi mmoja wa maktaba, aliyekuwa akiwafundisha wakimbizi lugha, ndiye aliyemweleza kwamba ile mistari ni herufi. Zinaitwa runi. Waliozichonga ni Waviking, wale mabaharia wa kaskazini ambao dunia nzima inawajua kwa mashoka na uporaji, na jiwe lile lilikuwa na umri wa miaka elfu moja hivi.

"Linasema nini?" alimuuliza.

Bibi akamsomea. Ndugu wawili wamesimamisha jiwe hili kumkumbuka baba yao. Alikufa kwa Wagiriki. Mungu aisaidie roho yake.

"Mama Neema," Fundi aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita, kwa jina la binti yangu, "minawaza, Wagiriki ni mbali sana na pale. Mutu anatoka kwenye barafu, anaenda kufia kwenye jua, na mwili haurudi. Batoto wanabaki na jiwe tu. Kaburi hakuna. Ni jiwe tu kwenye njia, ili kila mwenye anapita asome."

Bibi yule alimfundisha kuzisoma. Herufi zenyewe zilikuwa kumi na sita tu, kwa hiyo moja ilibeba sauti mbili au tatu. Hawakuwa na herufi ya G, wakaandika K. Sauti ya O waliiandika kwa U. Na N ikiwa mbele ya K au G, mara nyingi waliiruka kabisa. Fundi aliniandikia jina la nchi yake kwa kanuni hizo, herufi moja moja, kwa chaki juu ya jiwe jeusi. Kongo ikawa KUKU. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni mojawapo ya siku mbili tatu nilizomwona akicheka.

Alikaa Uswidi miaka minne, halafu ikaja barua. Ombi lilikuwa limekataliwa. Walimpandisha ndege. Bibi wa maktaba alimpa kitabu kinene chenye picha za mawe yale, nacho alikifikisha Bukavu, kisha Lubumbashi, kisha Johannesburg, kikiwa kimefungwa ndani ya shati. "Nchi walininyima," alisema, "lakini mawe walinipa." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa.

Basi kitabu hicho kilikaa kwenye meza yangu, juu ya mashine ya kuchapia, na Fundi alikirudia kama watu wengine wanavyorudia Zaburi. Jambo aliloshika kuliko yote ni lile swali lake. Katika mawe yale, alisema, jina la kwanza si la maiti. La kwanza ni la aliye hai. Fulani alisimamisha jiwe hili kumkumbuka fulani, baba yake. Fulani na fulani walisimamisha kumkumbuka ndugu yao. Aliyekufa anakuja baadaye, na wakati mwingine amepewa nusu ya mstari. "Soma neno la kwanza," aliniambia. "Njo utajua nani alibaki na nyumba." Alisema wasomi wengi wanayaona mawe yale kama karatasi za mirathi. Unayemwona anasimamisha ndiye anayedai kurithi: mtoto, mjane, ndugu. Jiwe linatangaza njiani, mbele ya watu wote, kwamba huyu wetu amekufa na sisi ndio wake.

Hilo alilijua vizuri kuliko alivyojua sheria. Siku moja walikuja wajane wawili wa mtu mmoja, kila mmoja na gari lake, kila mmoja na ndugu zake. Mwanamume alikuwa fundi bomba, amezikwa mwaka mmoja kabla, na sasa ulikuwa wakati wa kufunua jiwe, maana hapa watu huzika kwanza, jiwe huja baadaye na sherehe yake, limefunikwa blanketi, watu wanakula ng'ombe. Kila mjane alitaka jiwe lianze na maneno "mume mpendwa wa" kisha jina lake. Walipigana kwa maneno saa nzima. Mimi nilikuwa nikiandika na kufuta.

Fundi aliwaacha wachoke. Kisha akawafungulia kitabu, akawaonyesha picha ya jiwe moja, akawaambia kwamba hapa wamesimamisha watu wanne, na majina yote manne yamekaa ndani ya nyoka mmoja. Mwili wa nyoka ni duara. "Sasa nionyesheni," aliwaambia, "nani yuko wa kwanza kwenye duara?"

Mjane mkubwa alitazama picha muda mrefu. "Huyu nyoka ana kichwa," alisema. "Wanaanzia kwenye kichwa."

Fundi aliinamia kitabu. Alikuwa amenaswa. Mjane mdogo ndiye aliyecheka kwanza, kisha yule mkubwa, na kicheko hicho ndicho kilichowamaliza nguvu. Walikubaliana majina yaandikwe kwa mpangilio wa alfabeti. Mdogo ndiye aliyetangulia, na mkubwa alisema sawa, eish, basi.

Hakupenda sifa kwenye mawe. "Pumzika kwa amani" aliichonga kwa sababu watu waliitaka, lakini alilalamika kwamba ni maneno yasiyosema kitu. Alitaka mahali mtu alipofia, kazi aliyoifanya, nani alibaki. Picha za nyuso hakuzipenda kabisa. Hata hivyo nilimwona akivunja kanuni yake mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Alikuja mama mmoja, mtu mzima, na gazeti lililokunjwa. Mwanawe alikuwa ameuawa na umati kwa kuiba nyaya za umeme. Gazeti lilimwita mwizi na jina lake kamili. Mama alitaka jiwe liseme alikuwa kijana mwema.

Nilimtazama Fundi, nikijua anavyochukia uongo kwenye jiwe. Akasema, "Ndiyo, mama. Kijana mwema sana." Akachonga vile vile.

Alipoondoka nilimuuliza. Alinifungulia kitabu. Kila ukurasa wa pili, mawe yalisema hivyo hivyo. Alikuwa kijana mwema. Alikuwa mwenye nyumba mwema. Alikuwa mwema sana. "Na bale walikuwa wanyang'anyi, mama," alisema. "Walikwenda Uingereza, wakachukua fedha za batu kwa nguvu, wakarudi. Jiwe lingine linajisifu kabisa, huyu alichukua fedha Uingereza mara tatu. Lakini kwa mama yake alikuwa nani? Jiwe haliandikwi na gazeti."

Kuna mwingine kitabuni ambaye Fundi alimchukia kwa moyo wake wote, utadhani alimkosea jana. Ni tajiri mmoja wa kule aliyesimamisha mawe kadhaa kwa ajili yake mwenyewe, akiwa hai, yakisema kwamba sehemu ile yote ilikuwa mali yake. "Mutu anajikumbuka mwenyewe!" Fundi alisema, na mate yalimtoka. Alisema hivyo, lakini kila jiwe lililotoka karakana yetu lilikuwa na alama yake ndogo chini kabisa, mahali majani yatakapofunika, herufi mbili za runi, alizozichonga kwa tindo na nyundo hata kama maneno mengine yote yameandikwa kwa mashine ya kupuliza mchanga. Nilipomwambia kwamba na yeye anajikumbuka, alijibu kwamba wachongaji wa kule pia walitia majina yao. Nikamwambia hilo halijibu nililosema. Hakuzungumza nami mpaka jioni.

Alikuwa na kiburi, ndiyo. Hakukubali kosa kirahisi. Tulikosea jina la bibi mmoja Msotho kwa herufi moja, na mwanawe alikuja amekasirika sana, akiwa na picha ya kitambulisho. Fundi akaanza kumweleza kwamba miaka elfu iliyopita wachongaji waliruka herufi kila siku, na kuna hata jiwe ambalo halisomeki kabisa, kwa sababu aliyelichonga hakujua kuandika. Aliiga umbo la herufi tu, mstari huku, mstari kule, na familia nayo haikujua kusoma, ikalisimamisha, ikaridhika. Alikuwa analipenda jiwe hilo kuliko yote kitabuni. Alisema yule mchongaji ni ndugu yake, maana yeye naye alichonga Kizulu, Kisotho, Kivenda, hata Kichina kutoka kwenye karatasi, lugha asizozijua.

Yule Msotho alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule," alisema. "Alijua kusoma."

Fundi akalichonga upya jiwe lote. Hakutaka msaada wetu. Siku ile alikula amekaa.

Na kwa simu alikuwa mwongo. Dada yake wa Bukavu alijua kwamba kaka yake ni mhandisi wa madaraja. Kila Jumapili alimpigia akamweleza daraja analolijenga, limefika wapi, mvua imechelewesha nini. Nilimuuliza kwa nini daraja. Akasema kule Uswidi, Ukristo ulipoingia, watu walijenga madaraja kwa ajili ya roho za wafu wao na kuliandika hilo kwenye jiwe, kwamba mama fulani alijenga daraja hili kwa ajili ya roho ya mwanawe. Kwa hiyo, alisema, si uongo wote.

Kuhusu mume wangu.

Aliondoka na lori la saruji kwenda Msumbiji, upande wa kaskazini. Mvua zikazidi, mto ukavunja kingo, barabara ikakatika sehemu mbili. Lori lilionekana baada ya siku tisa limelala ubavu kwenye tope, mlango wa dereva uko wazi. Yeye hakuonekana. Kampuni ilinipigia, polisi wa kule walinipigia, kisha simu zikapungua. Ndugu zake Morogoro walitaka kuweka matanga. Nikawaambia hapana. Hakuna mwili, nani amewaambia amekufa? Watu walikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Observatory, kunipa pole, nikawafungulia, nikawapa chai, nikawaambia bado tunamsubiri. Wakaacha kuja. Sikulia. Ninasema hivyo kwa sababu watu huuliza. Niliamka, nikampeleka Neema shule, nikaenda kazini, nikaandika majina ya wafu wa watu wengine, nikarudi. Nilikuwa sisikii kitu. Hata chakula nilikula kwa kuangalia saa.

Fundi alijua, maana nilimweleza siku ya kuajiriwa, kwa sentensi mbili. Hakunipa pole. Nadhani ndiyo maana nilikaa.

Lakini alianza kunisomea. Mchana, wateja wakipungua, alifungua kitabu akanitafsiria. Mama mmoja alikuwa na vijana wawili, mmoja alifia magharibi, mwingine mashariki. Mwanamke mwingine alitaka kwenda Yerusalemu, akajisimamishia jiwe kabla ya safari, na hakuna ajuaye kama alirudi. Huyu wa mwisho Fundi hakumkasirikia kwa kujikumbuka mwenyewe. Nilipomwonyesha hilo alisema msafiri ni kitu kingine. Siku moja alinisomea maandishi marefu yaliyochongwa juu ya mwamba. Yanaeleza mwanamke aliyeolewa, akazaa, mume akafa, mtoto akafa, akaolewa tena, mume huyo na watoto wakafa, binti yake wa mwisho akaolewa, akafa na mtoto wake naye. Na kwa kila kifo yanataja nani alirithi nani, mpaka mwisho mali yote inamrudia mama yule peke yake.

"Alirithi kila kitu," Fundi alisema.

"Ndiyo," nilimjibu.

"Yaani alizika kila mutu."

Niliendelea kupiga chapa. Nilikuwa na oda ya pacha wawili wa Lenasia na nilihitaji kuhakiki tarehe.

Jumamosi moja nilimleta Neema kazini kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Neema anaelewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Fundi alimpenda. Siku ile alituita nyuma ya karakana, kwenye mawe ambayo hayajauzwa, akavuta turubai.

Lilikuwa jiwe la kijivu, halikung'arishwa, ubavu wake umeachwa kama lilivyotoka ardhini. Alikuwa amechonga nyoka. Ndani ya nyoka, kwa herufi zetu za kawaida, kwa Kiswahili, kwa rangi nyekundu, ilikuwa imeandikwa kwamba Neema alisimamisha jiwe hili kumkumbuka baba yake. Alifia Msumbiji. Mungu aisaidie roho yake.

Neema alisoma kwa sauti, pole pole, kwa sababu hajazoea kusoma Kiswahili. Alipofika mwisho alirudi kwenye neno la kwanza, akaweka kidole chake ndani ya herufi ya N, akakizungusha.

"Ni langu?" aliuliza, na aliuliza kwa Kiswahili.

Nilimgeukia Fundi. "Nani amekuambia amekufa?"

"Mama Neema..."

"Nimekuuliza. Nani amekuambia? Nimekuagiza mimi?"

"Hukuniagiza. Lakini mutoto anahitaji mahali pa kuweka jina. Miaka mitano, mama. Jiwe haiko kaburi, nimekuonyesha mara ngapi, ni..."

"Usinionyeshe," nilisema. "Lifunike."

Hakulifunika. Alisimama na turubai mkononi. Nilimshika Neema mkono, nikachukua mkoba wangu mezani, tukatoka. Neema aligeuka nyuma mara moja.  Tulisimama kwenye roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, taa ikawa ya kijani kwa wenye miguu, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, ndipo alipoanza kunivuta. Jumatatu sikwenda kazini. Fundi alipiga simu mara nne, kisha akaacha. Nilipata kazi katika ofisi ya mawakili mjini, nikawa naandika wosia wa watu walio hai.

Nilisikia habari zake kwa mbali. Mara karakana imehamishwa, mara imeuzwa. Muuza vitambaa mmoja wa Mayfair, aliyekuwa amemsimamishia mkewe jiwe letu, aliniambia kwamba Fundi anakohoa vibaya, na kwamba daktari alisema mapafu yamejaa vumbi. Nilisema, "Hakuvaa barakoa." Yule mzee alisubiri niongeze neno. 

Mwaka huu Neema alitimiza miaka kumi na sita. Alileta fomu ya shule, nikaiacha juu ya friji niijaze jioni, kama nilivyofanya kila mwaka. Kila mwaka, kwenye nafasi ya baba, niliandika jina lake na kuacha sehemu iliyobaki wazi. Jioni nilipoichukua, nilikuta imeshajazwa kwa mwandiko wa Neema. Jina la baba yake. Halafu, mbele yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka, neno la Kiingereza la kusema mtu amefariki.

Nilisoma fomu yote mpaka chini. Hakuna kosa lolote alilolifanya. Anwani ilikuwa sahihi, namba ya simu sahihi. Nikatia sahihi yangu.

Jumamosi iliyofuata nilimtafuta Fundi. Haikuwa kazi ngumu, alikuwa mtaa wa Yeoville, mlima mmoja tu kutoka kwangu, miaka yote ile. Alipanga chumba nyuma ya saluni ya mama mmoja Mkongo, msusi, waliyesali naye kanisa moja. Unapita kati ya viti vya saluni ndipo unafika kwake. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, na mpira wa hewa puani. Mashine ilinguruma chini ya dirisha. Mikono yake ilikuwa imebaki mikubwa vile vile.

"Mama Neema," alisema.

"Shikamoo, Fundi."

Hakuitikia marahaba, kwao hawana desturi hiyo sana. Alinionyesha kiti. Tulikaa. Aliuliza habari za Neema, nikamwambia ana miaka kumi na sita. Aliuliza kama anasema Kiswahili. Nikasema anasikia. Kisha nikamweleza habari ya fomu, kwa sentensi mbili.

Alivuta pumzi kadhaa kabla ya kusema. "Lile jiwe nililisaga," alisema. "Wiki ile ile. Uso wote. Nikaandika mutu mwingine." Akapumzika. "Nilikosea, mama. Kwenye kitabu chote kile hakuna mchongaji mwenye alianza mwenyewe. Mchongaji anaitwa. Mimi nilijiita."

"Ulitaka kusaidia."

"Hapana. Nilitaka jiwe moja kama bale. Nilikuwa na hamu nalo tangu Uswidi. Nikatumia wafu wako."

Nilimtazama. Sikuwahi kumsikia akikubali kosa bila kwanza kutetea wachongaji wa miaka elfu iliyopita. Nilitafuta hasira niliyotoka nayo siku ile, nikaona haipo, na sikujua iliondoka lini.

"Na mume?" aliuliza. "Kuna habari?"

"Amekufa, Fundi."

Nilikuwa nimesema hayupo. Nilikuwa nimesema hajulikani alipo, hajarudi, tunamsubiri, bado. Neno hilo, amekufa, sikuwa nimelisema kwa lugha yoyote. Lilitoka kama jibu la swali la kawaida, kama mtu akiuliza saa.

Fundi aliweka miguu chini akataka kusimama. Hakuweza. Akaushika ukingo wa kitanda, akaita kuelekea saluni kwa sauti iliyokatika: "Mama! Kuja! Huyu mama iko na musiba!"

Msusi aliingia na kitana mkononi. Alimtazama Fundi, akanitazama mimi. "Musiba wa nani?"

"Wa bwana yake."

"Yesu wangu. Lini?"

Fundi alinitazama nijibu. "Miaka tisa," nilisema.

Nilitegemea aulize mara ya pili. Alivua viatu, akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nywele. "Pole, mama," alisema. "Pole sana. Pole." Mteja wake alikuja mlangoni kuona kilichomkawiza, msichana mwenye nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Msusi alimwambia kitu kwa Kifaransa. Naye akaingia, akavua viatu, akakaa chini ukutani, akainamisha kichwa. Hakunijua. Fundi alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa ikitembea.

"Aliitwa nani?" msusi aliuliza.

Nikalitaja jina lake, na la baba yake. Walilirudia, kila mmoja kwa matamshi ya kwao. Niliposikia jina lile katika kinywa cha yule msichana, nami nikavua viatu, nikashuka kitini, nikakaa nao sakafuni.

Simu yangu iliita. Alikuwa Neema. Aliuliza niko wapi, mbona nimechelewa, ameshapika.

"Niko msibani," nilimwambia.

"Wa nani?" aliuliza.

"Wa baba yako. Njoo."

Nikasikia akizima jiko. Kisha akauliza namba ya nyumba, nikamwambia.